Ulimi wa Leonia

Leonia alipoteza ladha mwaka ule wa mafua makali, yaliyomlaza wiki tatu nyumbani kwake, mtaa wa Izia. Homa iliondoka, kikohozi kikaondoka, ila ulimi haukurudi. Alijua siku alipotia chumvi mara mbili kwenye maharage, na wageni wakala kimya kwa heshima.

Kwa mtu mwingine ingekuwa shida ndogo. Kwa Leonia, ulimi ndio uliokuwa kazi yenyewe. Tangu ujana wake alichemsha majani ya mtugutu, kile kichaka kichungu cha vilimani, akawapa watu waliosumbuliwa na tumbo. Waliozidiwa aliwaambia waende hospitali. Hakuwa mtu wa kujisifu. Mama yake alimfundisha kupima kwa kuonja. Jani la kiangazi si sawa na la masika, na hata vichaka viwili vilivyosimama pamoja havifanani. Jani likiwa laini, maji yake ni bure. Likiwa kali mno, mgonjwa atatapika. Leonia alionja, akajua achemshe konzi ngapi.

Baada ya mafua alijaribu kukisia. Wa kwanza alikuwa jirani yangu Adolfu, dereva wa bodaboda, aliyetapika tangu asubuhi hadi jua likazama.

"Yule mama alitaka kunigeuza ndani nje kama soksi!" aliwatangazia watu wote wa mtaa wetu wa Mazwi.

Mimi ni fundi baiskeli hapo Mazwi. Siku moja Leonia alileta baiskeli yenye pancha. Nilikuwa nimeinamia beseni nikitafuta tundu, akanyoosha jani mbele ya uso wangu.

"Fundi, hebu nitafunie hili."

Nikatafuna. Mimi si mtu wa maneno, na mbele ya mwanamke huyo nilikuwa bubu kabisa. Lakini macho yalijifumba yenyewe na shingo ikakakamaa. Leonia alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Basi, usiseme. Uso wako unatosha."

Tangu hapo kila Jumamosi tulipanda njia ya kuelekea milima ya Mbizi, yeye mbele na panga, mimi nyuma na kikapu. Yeye alichuma, mimi nilitafuna, naye akausoma uso wangu. Alikuwa mjane, na mke wangu alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Njiani alinisimulia habari za Winifrida, binti yake aliyeolewa Mtowisa, kule bondeni kwenye joto na mpunga. Upepo wa Juni ulipozidi alijifunga kitenge kichwani mpaka yakabaki macho tu. Sikuwahi kumwambia lolote. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo kwa jambo jingine zaidi ya jani, Jumamosi zile zitakwisha.

Shida ni kwamba kichaka kizuri kilikuwa karibu, mwendo wa nusu saa. Tukijaza kikapu, tunarudi. Basi Jumamosi moja nilitafuna jani kali kweli, nikautuliza uso, nikatikisa kichwa.

"Halina kitu?" aliuliza.

"Kidogo sana."

"Twende mbele basi."

Tulikwenda mpaka bonde la pili, tukala viazi vya kuchoma juu ya jiwe, tukarudi jua limeinama. Sijawahi kuwa na siku kama ile. Wiki iliyofuata nikafanya tena. Baadaye hata vichaka vya bonde la pili nikavikana.

Mwezi wa saba alikuja Redempta, mtafiti wa mimea kutoka chuo kikuu, akaomba kupanda nasi. Ndiye aliyetueleza kwamba ule uchungu ni kemikali ambazo mti unajitengenezea ili wadudu na mbuzi wasiumalize, na kwamba kiasi chake hubadilika kwa udongo, jua na majira. Akatuonyesha alizeti pori, lile lenye maua ya njano, ambalo asili yake ni nchi za mbali na sasa limejaa kando ya njia zetu. Nalo lina kemikali zake. Majani yake yakioza, zinaingia ardhini, na mbegu za mimea mingine zinashindwa kuota.

Leonia alisimama akalitazama lile pori la njano.

"Kumbe ndilo linalomaliza mtugutu wangu! Fundi ameniambia, uchungu unapungua kila wiki."

"Sina hakika, mama," alisema Redempta. "Ngoja nikapime." Akachuma majani ya kile kichaka cha karibu, akayafunga kwenye gazeti.

Ningeweza kusema ukweli palepale. Nilitazama viatu vyangu.

Leonia akaacha kuchemsha dawa, na Jumamosi zetu zikakoma. Habari nilizipata kwa Adolfu, aliyesimamisha pikipiki mbele ya kibanda changu.

"Mshikaji, mchumba wako wa majani anahamia Mtowisa kwa binti yake. Anasema miti imekwisha nguvu. Au hujaambiwa?"

Siku mbili kabla ya safari, Leonia mwenyewe alikuja. Mkononi alikuwa na simu na jani.

"Redempta amepiga. Anasema majani ya kile kichaka cha karibu ndiyo machungu kuliko yote aliyoyapima." Akaninyooshea lile jani. "Tafuna."

Nilitafuna, nikauachia uso ufanye unavyotaka.

"Kwa nini, Wilibrodi?" Hakuwa amewahi kuniita kwa jina langu.

"Nilitaka tutembee."

"Ungesema tutembee, tungetembea. Mimi nimewarudisha watu mlangoni. Mama mmoja alikuja kutoka mbali, nikamwambia miti imekufa."

Jumatatu alipanda gari la Mtowisa.

Mimi nilibaki na njia. Kila Jumamosi napanda na panga, nafyeka alizeti pori kabla halijatoa mbegu, kisha nachuma mtugutu na kutafuna. Majani nayaanika uani, nayafunga, nampa kondakta wa Mtowisa. Kwenye kila fungu nafunga kamba kwa mafundo: fundo moja ni laini, mawili ni ya kati, matatu ni makali. Kwa miezi mitano jibu lilikuwa lile lile, ujumbe wa Winifrida: "Mzigo umefika. Shikamoo."

Jumanne iliyopita simu ililia.

"Fundi."

"Naam, Mama Winifrida."

"Leo nimetafuna jani la mafundo matatu. Nimelisikia! Limenikamata nyuma ya ulimi, nikakunja uso mpaka Winifrida akadhani nimeumwa na nge." Akacheka, kicheko kile cha kushika nguzo.

"Hongera," nikasema. Nilingoja aniambie kwamba sasa nisitume tena.

"Mafundo yako yalikuwa ya kweli."

"Yote."

Nilisikia ng'ombe wakilia huko kwake, na mtu akiwafukuza.

"Na ile njia yetu, bado inapitika? Au alizeti pori limeifunga?"

"Inapitika."

Ilikuwa kweli. Hata hivyo kesho yake, ingawa ilikuwa Jumatano na baiskeli nne zilikuwa zinaningoja, nilifunga kibanda mapema, nikachukua panga, nikapanda kwenda kuhakikisha.