Msingi Juu ya Tuta

Sikutaka nyumba ijengwe pale, na mpaka leo nikipita nyuma ya soko la Tawa huwa natazama upande mwingine. Mimi ni mtu wa Matinyani. Kwetu ukidondosha chungu unakiokota palepale. Kwa wakwe zangu ungekifuata mpaka mtoni.

Barabara iliishia huko chini mtoni. Mchanga, mawe, simiti, vyote vilipanda kilima kwa punda na kwa migongo yetu sisi akina mama wa mwethya, tuliosaidiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Mume wangu alikuwa kazini Makindu na alikuja mara mojamoja, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la baba mkwe.

Fundi alipima kwa mtaimbo. Upande wa nyuma uligonga mwamba mara moja. Upande wa mbele, ukingoni mwa tuta la shamba, ulizama karibu wote.

"Mzee, afadhali msingi ushuke kama ngazi mpaka tupate mwamba pande zote," alisema. "Lakini kazi itakuwa mara mbili, na mvua itatupata bado tunachimba."

Baba mkwe alicheka. "Hii tuta nilichimba mimi, wakati wa mkoloni, chifu akinisimamia na kiboko. Haijawahi songa hata kidogo. Leo itashindwa na nyumba?"

Alikuwa na haki ya kujivuna. Lakini tuta huchimbwa ili lishike maji, mahindi yanywe. Hilo alilijua kuliko sisi sote, na siku ile alilisahau. Basi msingi ukachimbwa hivyo: nyuma juu ya mwamba, mbele juu ya udongo, kina cha goti.

Siku ya kumwaga zege nilifika kabla ya wengine. Kilima chote kilikuwa vumbi tupu, ila kwenye mtaro wa mbele maji yalikuwa yamejikusanya, baridi, yametulia. Nilishtuka. Sasa, kwa desturi yetu Wakamba, mke wa mwana hasemi na baba mkwe ana kwa ana. Tunaiita nthoni, heshima yenye haya ndani yake. Neno la kumfikia hupitia kwa mama mkwe. Nikamwita.

"Mwaitu, njoo uone. Huku chini kuna maji. Mwambie mzee wasimwage."

Mama mkwe aliinama akayatazama. Alikuwa ameishi nyumba ya udongo maisha yake yote, na chumba cha mbele kilikuwa chake. Alitaka kuamka aone barabara, amwone mwanawe akija. Kusimamisha kazi kulimaanisha kungoja kiangazi kingine, na magoti yake yalikuwa yameanza kukikataa kilima.

"Nimesikia, msichana wangu. Nitamwambia."

Kisha akachukua jembe, akavuta udongo mkavu juu ya yale maji, akaukanyagakanyaga. Nilijiambia anatengeneza mahali pa kusimama. Jua lilipopanda zege likamwagwa. Nikaona mzee ameambiwa akapuuza, nikamchukia kimyakimya.

Mvua za kwanza, mlango wa chumba cha mbele ulianza kusugua sakafu. Mume wangu akaupiga randa. Likizo iliyofuata akaupiga randa tena. Ufa ulitokea pale nyumba inapouacha mwamba. Baba mkwe akauziba kwa simiti, ukarudi, akauziba tena. Mimi niliogopa, nikawa nasikiliza mabati yakilia hata pasipo upepo. Nilimwomba mama mkwe ahamie kwangu, upande wa nyuma.

"Na barabara nitaionea wapi?" alinijibu akicheka.

Ilikuwa mchana, miaka kadhaa baadaye, mvua haijakatika tangu juzi, nami nilikuwa jikoni nikichochea moto. Nilisikia mabati yakichanika, halafu kimya. Nilipotoka, nusu ya nyumba ilikuwa imesimama juu ya mwamba wake. Nusu nyingine ilikuwa kule chini karibu na mto, pamoja na tuta, pamoja na yeye.

Baada ya mazishi baba mkwe alikuja jikoni kwangu. Hakuwa amewahi kufika hapo. Alisimama mlangoni, akanitazama usoni.

"Fundi anasema ule udongo ulikuwa na maji tangu mwanzo. Wewe ulikuwa pale siku ya zege. Uliona?"

"Niliona, baba."

"Ulimwambia mama yako?"

Ndipo nilipojua kwamba hakuambiwa. Hasira yangu ya miaka yote ile ikakosa pa kwenda. Nilimwona mzee akishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, akingoja, na nikamhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu yeyote.

"Hapana, baba," nilisema. "Niliona haya."

Akatikisa kichwa, akaondoka. Hakunisemesha tena mpaka alipofariki, na safari hii haikuwa nthoni.