Nilipojitangaza wa Kwanza Duniani

Shida zangu zilianza nikiwa na miaka kumi, mwaka aliofariki baba, nikaacha shule darasa la tatu nikaenda kubeba viazi vya watu kichwani kule Rangwi, kwa hiyo mtu asinifundishe kazi. Lakini aibu niliyoipata juzijuzi hapa Lushoto, mbele ya watu wazima wenzangu, loo, vile viazi vilikuwa vyepesi!

Nina nyumba ya wageni njia ya Irente. Binti yangu alipoiingiza mtandaoni aliniambia ziko kampuni mbili za kutafutia mambo, nikachagua moja, ya pili nikaikataa katakata. (Mimi mbegu nanunua kwa mtu mmoja miaka yote, ananijua, ananipa nyongeza. Nikaona na kampuni ni hivyo hivyo.) Basi kila asubuhi nikishaswali naandika "nyumba ya wageni Irente", naibonyeza yangu, wajue mteja wao nipo. Na nyongeza ikaja! Nikapanda kwenye orodha ya simu, nikapanda, mpaka nikawa wa kwanza kabisa, juu ya jirani yangu Mbelwa mwenye maua getini na maneno mengi.

Sasa akaja mwongoza watalii kutoka Arusha, anatafuta nyumba moja ya kulaza wageni wake msimu mzima. Wenye nyumba tukakutana naye mgahawani, mimi nikiwa na binti yangu. Mimi nikasimama bila kuitwa.

"Bwana mgeni, usihangaike. Wa kwanza duniani ni mimi. Tafuta!"

Akatafuta. "Shikamoo mzee, lakini hapa hupo."

"Marahaba. Simu yako mbovu."

Kumbe anatumia ile kampuni niliyoikataa! Ningekaa yangeisha, lakini nikawaka: "Wote wenye kampuni yangu, toeni simu!" Wakatoa, mgahawa mzima unabonyeza, mimi napita meza hadi meza kama msimamizi wa mtihani (mtihani ambao sijawahi kuufanya), na kila simu juu yuko Mbelwa, mimi niko chini huko, baada ya duka la rangi.

"Yangu hii hapa!" Nikainua simu juu.

Binti yangu akanivuta koti. "Baba, kaa. Simu yako inakuletea unachokibonyeza kila siku. Unajiona peke yako."

Mbelwa akapaza sauti: "Kaka, kwa hiyo siku zote hizi umekuwa ukijipigia kura mwenyewe?"

Watu walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Wageni wa msimu wakaenda kwa Mbelwa.

Nimeapa kutojisifu tena kwa simu yangu, na nyumba nimeiandikisha kampuni zote mbili, kimyakimya. Leo nina vyumba saba, ng'ombe watatu, shamba la mapichi, pikipiki, na wageni wawili waliolala jana. Nimewauliza wamenipataje. Wamenipata kwa ile niliyoikataa.