Ng'ombe wa mjomba walivyoila shahada yangu ya uhandisi wa ndege, Singida enzi za Mwingereza

Wakuu, habari za humu. Walio wadogo kwangu shikamoo zenu nimeshaziitikia, na kwa umri wangu nadhani ni wote.

Hiki ninachoandika kilinipata mwenyewe. Sijasimuliwa wala sijaongeza chumvi. Mkifika katikati mtaona kwa nini mimi na chumvi hatuelewani hadi leo.

Vidole vinatetemeka, kwa hiyo herufi zikirukana mvumilie.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Mimi ni Mnyaturu, nimezaliwa nje kidogo ya Singida mjini, upande wa ziwani. Kabla ya shule nilichunga ng'ombe, na kabla ya kujua kusoma nilishajua kubishana bei mnadani. Baba alikuwa ananituma mimi badala ya kaka zangu, kwa sababu nilikuwa nahesabu mifugo wakiingia, halafu nahesabu tena wakitoka. Watu walichoka na mimi mapema sana.

Shule ilinikubali. Hesabu zikanipeleka mbele, mbele ikawa mbali, mwisho serikali ikanipa ufadhili kwenda Uingereza kusoma uhandisi wa ndege. Jina la chuo silitaji. Hawajanikosea sana, na wengine huenda bado wako hai.

Niwape picha kidogo ya department ile, maana vijana wengi humu mnaota mambo hayo.

Kulikuwa na wind tunnel, yaani chumba kirefu kama handaki ambamo feni kubwa inapuliza upepo juu ya mfano mdogo wa ndege. Unasimama pembeni na kalamu, unasoma mizani, unaandika. Mchana kutwa. Ukitoka nje masikio yanalia na chakula cha wenyewe hakina ladha.

Kazi niliyoipenda ilikuwa ya kuvunja mabawa. Mnatengeneza bawa, mnalilaza, mnalipakia mifuko ya mchanga mmoja mmoja hadi livunjike. Ambaye bawa lake linadumu zaidi ndiye bingwa.

Wakuu, bawa langu lilidumu kuliko yote mwaka ule.

Siyo kwamba nilikuwa na akili kuliko wenzangu. Wao walipiga ribiti, zile pini za kushikanisha bawa, wakaenda kunywa bia. Mimi nilipiga, nikahesabu, nikarudia kuhesabu, nikakuta moja imekaa upande. Profesa alisimama pale mchanga ukiendelea kupanda, akasema kwa Kiingereza chao kile cha puani, "Huyu bwana anatoka wapi?" Wakamwambia Tanganyika. Akauliza, "Huko kuna ndege?" Nikamjibu, "Zipo, Profesa, ila nyingi zina manyoya." Wakacheka. Ndiyo siku pekee niliyocheka nao bila kupiga hesabu wanacheka nini.

Sasa sikilizeni hili, ndiyo shina la uzi wote.

Kabla ya mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kufanya practical na watu wanaorusha ndege, kisha rubani au fundi mkuu aweke saini kwamba umemaliza. Bila saini hutarudi darasani, na usiporudi darasani ufadhili unakatwa. Wenzangu walikwenda viwandani kwao. Mimi nikaambiwa kuna ndege ndogo inapiga dawa ya kweleakwelea, vile videge vinavyomaliza nafaka, huko Singida, niende huko, nauli ya meli ilikuwa tayari kwenye ufadhili wa likizo.

Nilifurahi kama mjinga. Practical nyumbani! Nilale kwa mama, nile ugali wa uwele, nirudi na saini.

Rubani alikuwa Mwingereza mmoja mwembamba, watu walimwita Bwana Shingo. Si mtu mbaya. Alinifundisha vizuri, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunja mawe. Ndege ilikuwa ya mbao na vyuma vyembamba, na mabawa yake yalivikwa kitambaa kilichokazwa kwa vanishi. Asubuhi tunaruka mahali ndege waharibifu wanapolala, tunamwaga dawa, tunarudi. Ikitua, mimi nakagua kila kamba na kila msumari. Halafu nakagua tena. Bwana Shingo alikuwa anavuta sigara na kusema, "Wewe nahesabu kama mke ya duka."

Adui aliyemwogopa ni fisi. Fisi wa kwetu hula matairi, na hilo lilikuwa limeshampata sehemu nyingine. Kwa hiyo kila ndege ikilala tulizungushia magurudumu miiba, vizuri kabisa, kama zizi dogo la ndama. Nilijenga mwenyewe. Nilijivunia.

Nilikuja kulifikiria baadaye jambo hili hadi kichwa kikauma. Kwetu zizi hujengwa kumlinda ng'ombe. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kukata miiba ajilinde NA ng'ombe. Ng'ombe ndiye mali. Ukimwona anakuja unafurahi.

Ikabaki wiki moja nipate saini.

Kweleakwelea nao wakahamia upande wetu, kwenye mashamba ya kina mama. Uwele ulikuwa bado una maziwa kwenye punje, wakati ambao hao viumbe wanaupenda kuliko wote. Bwana Shingo akasema kesho asubuhi tunapiga hapo. Ila ndege ioshwe kwanza, dawa ilikuwa imeganda kwenye mabawa na inakula kitambaa.

Nikaenda kisimani na madebe. Akina mama wakaniona kwa mbali.

"We mtoto wa Ulaya, unakwenda wapi na madebe hayo?"

"Shikamooni mama zangu. Nachota maji ya kuosha ndege."

"Marahaba. Ndege yenye sumu?"

"Sumu tunaiosha, mama."

"Na debe lenye sumu unalitumbukiza humu tunywe sote? Toka! Nenda kaoge nalo ziwani huko!"

Nilijaribu kupatana nao. Niliahidi ndoo mpya, niliomba wanichotee wao, niliahidi sabuni. Wapi. Mmoja akaniambia nimerudi na Kiingereza lakini akili nimeisahau melini. Nikarudi kwa Bwana Shingo, nikamweleza. Akatazama ziwa, liko pale pale karibu na kiwanja chetu cha ndege. Akasema, "Maji ni maji."

Nami nikasema ndiyo bwana.

Wakuu, ziwa la Singida mnalijua. Ukinawa uso pale ukikauka ngozi inakaza kama ngoma. Nimechunga kando yake utoto wangu wote. Najua ng'ombe akifikishwa kwenye udongo ule mweupe anasahau majani, analamba hadi umchape. Najua! Lakini siku ile nilikuwa mtu wa department, nilikuwa nawaza kitambaa na dawa. Yule mchunga ng'ombe ndani yangu hakuulizwa.

Tukaosha bawa la juu, la chini, mkia. Jua likakausha. Kitambaa kikabaki kinang'aa weupe mzuri, Bwana Shingo akapendezwa, akaingia hemani kulala mchana.

Mimi nikaenda shambani kumwambia mama.

Mama alikuwa juu ya ulingo wake na kombeo mkononi, sauti imemkauka kwa kufukuza ndege tangu alfajiri. Nikamwambia, "Mama, shuka upumzike. Kesho naja na ndege yangu, hawa wote kwisha." Akanitazama. "Yako?" Nikasema, "Ya serikali, lakini mimi ndiye ninayeikagua." Akashuka. Tukala viazi. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa kivulini mchana saa za kufukuza ndege, ilikuwa mara ya kwanza.

Niliporudi kiwanjani nilisikia kengele za ng'ombe kabla sijaona kitu.

Kundi la mjomba wangu, Mjomba Ntandu, kaka yake mama, lilikuwa limeizunguka ndege kama ndama wanavyomzunguka mama yao. Wanalamba. Kitambaa kililainika kwa mate kikachanika, na kilichochanika walikitafuna. Bawa la chini upande mmoja lilibaki mbavu tupu. Mkia haukuwepo. Dume moja jekundu lilikuwa limesimama na kipande kinaning'inia mdomoni, linatafuna taratibu, linaniangalia mimi kama mgeni.

Nikahesabu mbavu zilizo wazi. Nikarudia. Hazikupungua.

Miiba kwenye magurudumu ilikuwa salama kabisa. Fisi asingepita pale.

Bwana Shingo akatoka hemani na soksi. "Nani! Nani nakula ndege yangu?"

Mjomba alikuwa amekaa kwenye jiwe, anasokota tumbaku. Akasema kwa utulivu, "Mpwa wangu, mwambie bwana hiki chombo chake kina chumvi nzuri."

Kesho yake badala ya kuruka tukakaa baraza kwa jumbe wa eneo letu. Bwana Shingo alitaka mjomba alipe ndege. Mjomba naye alikuja na shitaka lake: lile dume jekundu limevimba tumbo, halili, na yeye anataka alipwe dume.

"Mjomba," nikamwambia pembeni, "dume limekula mali ya serikali."

"Nani kaialika serikali kwenye malisho yangu?"

Jumbe alikuwa mtu wa taratibu. Akauliza kiwanja kile kilikuwa nini kabla. Wazee wakasema malisho, tangu babu zao. Akauliza kama kuna aliyewahi kuwaambia wafugaji wasipite. Bwana Shingo akasema yeye alidhani wanajua. Jumbe akasema kwetu ng'ombe akiingia shamba la mtu, mwenye ng'ombe hulipa. Ila kitu kikiachwa katikati ya malisho, hakina uzio, hakina mtu, mwenye kitu ndiye mzembe.

Kisha akauliza lile swali ambalo nalisikia hata nikilala.

"Je, chombo hiki kilikuwa na mlinzi?"

Bwana Shingo akageuka kuniangalia. Mjomba akaniangalia. Hata mtu aliyeshika kamba ya lile dume akaniangalia.

Hakuna aliyelipwa. Dume likafa siku ya pili, mjomba hakusema nami hadi alipozeeka.

Na kweleakwelea? Walikuja asubuhi ile ile tukiwa barazani, na mama hajapanda ulingo, anasubiri ndege yangu. Kitambaa cha ndege kilitakiwa kiletwe kwa treni hadi Itigi, halafu lori. Nilikwenda mjini kwenye duka la Mhindi mmoja nikapatana naye marekani, kile kitambaa cha pamba, nzuri, nyuzi zake nilizihesabu kwa kucha. Nilimwambia Bwana Shingo tukikaza kwa vanishi iliyobaki tunaweza kuruka mara moja tu. Mara moja! Akasema, "Wewe taka mimi nakufa kwa shuka?" Na alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nisingepanda.

Mama alikuwa amerudi juu ya ulingo. Nilisimama chini nikirusha mawe naye. Wanatua kama moshi, ukirusha jiwe moshi unafunguka, unafunga. Jioni masuke yalikuwa yamesimama vile vile, marefu, mepesi, hayana kitu ndani. Mama alivunja moja akaliminya, akaliminya tena, akalitupa. Hakunilaumu. Alisema, "Nisingeshuka tu." Basi. Hilo tu.

Siku ya kuondoka kwa Bwana Shingo nilimfuata kuomba saini. Nimepatana na watu wengi maishani, lakini sijawahi kupatana kama siku ile. Nikamwambia anisainie muda wote isipokuwa wiki ile. Akakataa. Nusu? Akakataa. Nikamwambia aandike ukweli wote, kwamba ndege ililiwa, ila aweke saini chini yake.

"Mimi naandika mwanafunzi aliacha ndege peke yake," akasema. "Hiyo ni kweli au hapana?"

"Ni kweli. Lakini na wewe ulikuwa umelala."

"Mimi si mwanafunzi."

Akafunga mizigo yake, akaondoka.

Nikaandika ripoti yangu bila saini, nikaituma department. Niliandika kila kitu: maji ya ziwa, chumvi, ulimi wa ng'ombe ulivyo kama tupa, miiba ilivyokuwa mahali pasipo pake. Nilichora na mbavu za bawa. Majibu yalichukua muda. Profesa aliandika mwenyewe kwamba tangu aanze kufundisha hajasoma ripoti ya practical nzuri kama ile, na ameipa alama za juu kuliko zote. Kisha akasema anasikitika, kanuni ni kanuni, saini haipo. Ufadhili ulikatwa mwezi uliofuata.

Nikabaki Singida. Nilifanya kazi minadani nikihesabu mifugo ya watu, kazi ambayo ningeweza kuifanya bila kuvuka bahari. Uhuru ulikuja, ndege zikaja na zikaondoka, vijana wakapanda vyeo. Mimi nilikuwa nikisikia injini angani natazama chini.

Miaka mingi baadaye kijana mmoja wa kwetu alibahatika kusoma department ile ile. Aliporudi alinitafuta, akanisalimia kwa heshima, akasema, "Mzee, ripoti yako bado ipo. Wanaisoma darasani kila mwaka."

Nikamuuliza wanasemaje.

Akasema, "Wanacheka sana, mzee."

Nikamuuliza tena, maana mimi huuliza mara mbili. Jibu lilikuwa lile lile.

Kwa hiyo wakuu, ukiniuliza mafanikio yangu katika uhandisi wa ndege, ni hayo. Bawa moja lililodumu, na kicheko kimoja kinachodumu zaidi.

Somo nililolipata ni dogo: kabla hujalinda kitu chako, usiulize adui ni nani tu. Uliza pia unachokipenda kinapenda kula nini. Na ukipelekwa mbali kusoma, usimwache nyumbani yule mtu uliyekuwa kabla ya kusoma, siku moja utamhitaji awe macho.

Kama humu kuna mwingine aliyekwama kwa saini ya mtu mmoja, aandike hapa chini. Asiogope urefu. Nitasoma yote, na nitarudia kusoma. Sina kazi nyingine.