Mtaalamu wa Hawaii Katapika Singidani

Leo nimemtapikia mama mzazi, na mimi ndiye niliyekuwa namfundisha kusafiri.

Iko hivi. Dada yangu aliyeolewa Marekani anatupeleka mimi na mama tukazunguke visiwa vya Hawaii kwa meli. Wiki nzima naangalia video za safari za meli, nimeshakuwa mtaalamu.

"Mama, tuchukue chumba cha katikati ya meli, huko hakuyumbi sana."

Mama ana swali moja tu: kuku wa mkwe atakaa wapi?

"Mama, kuku hapandi meli!"

"Kwa hiyo niende kwa mkwe mikono mitupu, kama sina kwetu?"

Nikaona nimpeleke kwanza ziwa Singidani, apande mtumbwi, tuone kama ataweza mawimbi. (Mawimbi gani jamani, kaupepo tu!)

Hatujafika mbali, mtu katapika.

Mimi.

Kwenye kitenge chake kipya.

Mama akakisuuza palepale ziwani, akampigia dada: "Mwanangu, huyu hafai. Andika jina la shangazi yako."

Dada hata hakubisha!

Basi Hawaii anaenda shangazi. Mimi nimeachiwa kuku, na hapa ananiangalia kama vile naye ameziona zile video.

Haya, chekeni.