Saa Ambazo Kisu Kilisimama

Nilijua Peres analia kwa sababu kibodi yake ilinyamaza. Ukifanya kazi nyuma ya ukuta wa mbao kwa miaka mingi, unawajua watu kwa sauti zao.

Mimi ni mkata karatasi katika duka la kuchapisha kadi za harusi, nyuma ya Mtaa wa Biashara. Mashine yangu ni gilotini ya umeme, kuukuu na nzito, na imewekwa nyuma mahali ambapo wateja hawanioni. Hilo limenifaa. Shule niliacha darasa la nane, na mpaka leo mtu akiniuliza kitu mbele ya watu wawili, jibu hunijia nikiwa tayari nimefika kwangu Waithaka. Peres ndiye anayepanga maandishi na maua ya kadi kwenye kompyuta. Tumekuwa pamoja miaka sita. Ananiita Baba Hannah, kwa jina la binti yangu, na mzaha wake hupita juu ya ule ukuta siku nzima.

Jumanne hiyo hakukuwa na mzaha.

"Peres, mimi nauliza mara ya mwisho," alisema bosi wetu, Bwana Nayan. "Hii kitu nani aliweka?"

"Sijui, Bosi. Haki ya Mungu sijui."

"Kompyuta ni ya nani?"

"Natumia mimi. Lakini hiyo jina sijawahi kuiona."

Mambo yalianza wiki mbili nyuma. Bibi harusi mmoja, Urvashi, alikuja amekasirika kwamba kadi yake ya tausi wa dhahabu imeonekana katika duka lingine kabla hajamgawia mtu hata moja. Bwana Nayan aliona aibu sana. Alimwita mpwa wake Neel, mtu wa miaka thelathini na kitu mwenye ofisi ya kompyuta kule Westlands, naye akaweka programu ya ulinzi inayoitwa fayawoli. Kazi yake ni kama ya askari wa getini. Chochote ndani ya kompyuta kikitaka kutoka kwenda kwenye intaneti bila ruhusa, inakizuia na kupiga kengele.

Tangu hapo ilikuwa imelia mara sita, na kila mara ilimkamata mtu yule yule: programu ndogo iliyokuwa ikifanya kazi chinichini bila kuonekana, jina lake pmtrayd. Hakuna aliyejua ni nini.

"Anko, jina nimelitafuta," Neel alisema. "Mmoja anasema ni ya printa, mwingine anasema ni virusi. Jina peke yake halitoshi, mtu anaweza kuita programu yake chochote. Lakini Jumamosi Peres hakuwepo kazini. Niliacha kompyuta inawaka kutwa nzima. Haikulia hata mara moja."

"Si umeona!" Bwana Nayan akapiga meza. "Yeye akiwa hapa, inalia. Hayuko, inanyamaza. Tausi yangu ilienda na miguu yake?"

"Bosi, mimi niibe tausi niipeleke wapi?"

"Saa sita unatoka. Barua naandika sasa."

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano. Nilikuwa na rundo la kadi mia tatu chini ya kisu na sikuweza kukanyaga pedali. Anayefukuzwa kwa wizi katika biashara hii hapati kazi nyingine. Maduka ya kadi mjini yanajuana, na simu moja inatosha. Peres anaishi Uthiru na mama yake mgonjwa, na mshahara wake ndio unaowaweka pale.

Neel akaanza kumsomea mjomba wake nyakati za kengele, ili ziandikwe kwenye barua.

"Jumatatu, saa nne na dakika arobaini na tatu. Jumatano, saa tatu na dakika kumi. Jumatano tena, saa nane na nusu."

Akaendelea mpaka ya sita. Saa hizo nilizijua.

Lazima nieleze tabia yangu moja. Stima ya jengo letu hupotea na kurudi, wakati mwingine kwa muda wa kupepesa jicho tu. Taa zinacheza, watu mbele hata hawainui kichwa. Lakini gilotini haisamehi. Kile kipepeso kidogo kinakisimamisha kisu, kibanio kinalegea, na karatasi zinaweza kusogea. Miaka iliyopita niliharibu kadi mia mbili kwa namna hiyo, na Bwana Nayan akasema nilikuwa nimelewa. Mimi sinywi. Sikuweza kujitetea, lakini tangu siku hiyo, kisu kikisimama, natazama saa ya simu yangu na kuandika kwenye kipande cha kadi kilichobaki, kisha nakitundika kwenye msumari ukutani. Hakuna aliyewahi kuniomba nimwonyeshe.

Nikavitoa vipande. Jumatatu, saa nne na dakika arobaini na mbili. Jumatano, saa tatu na dakika tisa. Jumatano, saa nane na dakika ishirini na tisa. Vitatu vilivyobaki vivyo hivyo. Jumamosi hakukuwa na kipande chochote.

Ningepaswa kutoka mbio. Sikutoka, na nitasema kwa nini.

Mwezi mmoja nyuma tulinunua UPS, lile boksi zito lenye betri linaloishikilia kompyuta stima ikipotea. Mimi ndiye niliyelibeba begani kutoka maduka ya Mtaa wa Luthuli. Peres alikuwa ameenda nyumbani kwenye matanga. Bwana Nayan akaniambia, "Bramwel, weka kila kitu iko ndani ya boksi," akaenda kula. Ndani mlikuwa na nyaya mbili na sidii moja ya programu. Nilidhani betri haiwezi kufanya kazi bila ile sidii. Nikaiingiza kwenye kompyuta. Ikaniuliza maswali kwa Kiingereza, na kila swali nilibonyeza ndiyo, mpaka ikaacha kuuliza. Sikumwambia mtu. Niliona haya kwamba sikuelewa nilichokubali.

Kwa hiyo nikisimama kusema Peres hana hatia, nitakuwa nimesema mwenye hatia ni nani. Na Hannah yuko kidato cha tatu.

Saa tano na dakika arobaini na tano Peres alikuja nyuma ya ukuta. Alikuwa amebeba kikombe chake na sweta.

"Baba Hannah, nimekuja kukuaga."

Nikatazama kisu.

"Hata hausemi kitu? Sawa, miaka sita nimeongea zangu na zako." Alijaribu kucheka, macho yakiwa mekundu. "Ukioa bibi wa pili sasa kadi utapangiwa na nani? Utaandikiwa kwa mkono kama barua ya chifu."

"Ngoja," nikasema.

"Ningoje nini?"

Nilichukua vipande vyangu nikampita. Nilipofika mbele wote waligeuka kunitazama, kwa sababu mimi huja mbele kuuliza chai tu.

"Bramwel, baadaye," Bwana Nayan alisema.

"Bosi, hizo saa." Sauti ilitoka ndogo. "Ninazo."

Nikavipanga vipande mezani. Neel akainama juu yavyo, kisha akaitazama kompyuta, kisha vipande tena.

"Hizi ni nini?"

"Ni saa ambazo stima ilipotea. Kisu changu kikisimama, naandika. Yangu inatangulia kwa dakika moja."

"Kila mara?"

"Zote sita. Jumamosi stima haikupotea."

"Hii ni hesabu ya kukata karatasi," Bwana Nayan alisema. "Stima na mwizi wapi na wapi?"

"Anko, subiri." Neel alikuwa ameshaanza kufunga kazi zilizokuwa wazi. "Hii inajaribiwa. Bramwel, chomoa UPS ukutani."

Nikapiga magoti nikachomoa. UPS ikaanza kulia, kompyuta ikabaki inawaka kwa betri. Nikairudisha. Tukangoja. Peres alisimama na kikombe chake kifuani. Sekunde thelathini hakuna kitu. Bwana Nayan akatazama saa ya ukutani, akaitoa bahasha ya barua mfukoni.

"Iko wapi sasa?"

Nilianza kufikiri kwamba nimejidanganya, kwamba nimejitoa bure na Peres ataondoka tu.

Kengele ikalia.

pmtrayd. Jina lilikuwa pale katikati ya kioo, likiomba kutoka.

"Toa tena," Neel alisema. Nikatoa, nikarudisha. Dakika moja, kengele. Sasa badala ya kulitafuta jina, Neel aliiuliza kompyuta programu hiyo inakaa wapi na iliingia lini. Ikaonyesha folda yenye jina la kampuni ambayo hakuna aliyeijua. Nikaivuta UPS, nikaigeuza upande. Chini yake mlikuwa na kibandiko chenye maandishi madogo. Jina la duka lilikuwa mbele kwa herufi kubwa, lakini jina la mtengenezaji lilikuwa hapo chini, herufi kwa herufi sawa na lile la folda.

"Ni ya betri," Neel alisema polepole. "Stima ikipotea inaandika, halafu inataka kumwambia aliyeitengeneza. Haijui kadi wala tausi. UPS itafanya kazi bila hiyo, naiondoa. Na Peres, sori. Ningeangalia inakaa wapi tangu siku ya kwanza." Kisha akauliza swali nililokuwa nikilingoja. "Iliingia tarehe kumi na nne. Nani aliiweka?"

Peres alikuwa kwenye matanga tarehe hiyo, na wote tulijua. Niliutazama mkono wangu mezani.

"Ni mimi," nikasema. "Bosi alisema niweke kila kitu. Kulikuwa na sidii."

"Wewe?" Bwana Nayan alinitazama kama mtu aliyesikia gilotini ikiongea. "Bramwel, wewe hata simu yako unaiogopa! Wiki mbili najua kuna mwizi, na wewe uko hapo nyuma unakata tu?"

"Nilijua leo, Bosi. Saa tano na nusu."

"Na sasa ni karibu saa sita!"

Zile dakika Peres alikuwa akikunja sweta, na mimi nilikuwa na vipande mkononi.

Peres ndiye aliyeongea. "Na kadi ya Urvashi, Bosi? Siwezi kukaa kama hiyo haijaisha. Mpigie."

Bwana Nayan hakutaka, lakini alipiga, akaiweka simu mezani tusikie. Urvashi alijibu kwa haraka, kama mtu anayetamani kukata. Ah, hiyo, alisema. Shangazi yake alikuwa ameitembeza sampuli katika maduka matatu kulinganisha bei. Alijua tangu wiki jana. Alisahau kusema.

Bwana Nayan akakata simu. Kisha akanipa bahasha bila kumtazama Peres usoni.

"Enda ukate hii."

"Ndogo ndogo," Peres alisema. Sauti yake bado ilikuwa na machozi na hasira pamoja, na sikumlaumu.

Nikarudi nyuma, nikaiweka bahasha peke yake chini ya kibanio, nikakanyaga pedali. Kisu kilikuwa nusu njia taa zilipocheza, kikasimama. Kule mbele UPS ikapiga mlio mmoja. Nilingoja kengele kwa mazoea, lakini kibodi ya Peres ndiyo iliyoanza kulia, pole pole mwanzoni.

"Andika saa, Baba Hannah!" akaita juu ya ukuta.

Nikachukua kalamu. Saa sita na dakika nne.