Docus na watu asioruhusiwa kuwasalimia

Saa nne asubuhi jua la Mengo, mjini Kampala, limeshaanza kuchoma mabati. Docus Abwola anateremka barabara, mfuko wa kitambaa begani. Ghafla anasimama, anageuka, anakitazama kibanda cha makufuli kana kwamba leo ndiyo siku yake ya kununua.

"Hii ya shaba bei gani?"

"Bei ile ile ya juzi, mama," anajibu Rafiq, mwenye duka, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe cha chai. "Na ya wiki iliyopita. Na ya mwaka juzi."

Nyuma ya Docus watu wanapita: mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kijana wa sare ya shule, mzee aliyebeba kuku, wasichana wawili wanaocheka. Wakishapita wote, Docus analirudisha kufuli mezani, anashukuru na kuendelea na safari.

Kwa makufuli aliyokwisha kuyatazama, mama huyu angefunga gereza zima la Luzira na mengine yakabaki. Nyumbani kwake ana mlango mmoja.

Kati ya hao waliopita, yupo anayemjua. Amemshika mkono akichomwa sindano. Amekula kwao. Ni yupi, Docus hasemi, na hata ukimnunulia soda hasemi. Hiyo ndiyo kazi yake, na wiki hii ndiyo ya mwisho.

Docus, mwenye umri wa miaka 58, ni mfuatiliaji katika utafiti wa selimundu, ule ugonjwa wa kurithi unaofanya chembe za damu zijikunje kama mundu na kumtesa mtoto kwa maumivu ya mifupa. Kwa miaka kumi na mmoja utafiti huo, wenye ofisi upande wa Mulago, umefuata maisha ya watoto zaidi ya mia moja.

Wanakemia hupima mkojo waone kama dawa imemezwa au imetupwa uani. Madaktari hupima damu. Wataalamu wa vinasaba wanataka kujua kwa nini ndugu wawili wa tumbo moja, wote wagonjwa, mmoja analazwa kila mara na mwenzake anacheza mpira. Kisha wapo walimu, ambao wanaangalia mtoto amekosa masomo kiasi gani na kama bado anaweza kuwafikia wenzake.

Docus kazi yake ni kupanda vilima na kumpata mtoto mwenyewe. Familia za mjini huhama. Simu huuzwa. Baba huoa kwingine. Yeye huuliza huku na huku mpaka mlango unafunguka.

Siku alipoajiriwa alipewa kanuni moja, akaiwekea sahihi. Ukikutana na mtu wa utafiti njiani, usimsalimie kwanza. Akikusalimia, itika. Asipokusalimia, hamjuani.

Msomaji wa mbali anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Kampala si mji wa watu kupitana kimya. Hapa hata mwizi atakusalimia, akuulize habari za nyumbani na za watoto, ndipo aondoke na simu yako.

"Mimi najua watu mingi kuliko mbunge," anasema Docus. "Lakini mbunge anapungia watu mkono. Mimi natazama kufuli."

Kiswahili chake alikiokota kambini, kwenye nyumba za askari magereza wa Luzira, alikoletwa na marehemu mume wake, Ojera. Kimenyooka kama gwaride, na ngeli nyingi aliziacha getini. Ojera alipofariki, nyumba ya serikali ikarudi kwa serikali. Docus akapanga chumba karibu na Port Bell. Mshahara wake ni shilingi laki nne na nusu kwa mwezi, na chumba hula laki na nusu. Binti yake wa pekee, Adyero, ameolewa Gulu, naye hupiga simu Jumapili, mtandao ukiwa na huruma.

Kwa nini siri iwe kali hivyo? Anayejua vizuri ni Hindu, mama wa mtoto mmoja wa utafiti. Ameruhusu jina lake moja litajwe kwa sababu, anasema, akina Hindu wa Kampala ni wengi kama mabati.

"Mama mkwe akijua, ataanza kuhesabu makosa ya ukoo wetu tangu siku babu alipoteremka hapa na marobota ya nguo," anasema Hindu. "Atasema damu mbaya imetoka kwetu. Na huyu binti yangu, nani atakuja kumposa?"

Damu hiyo haitoki kwa mama peke yake. Mtoto huugua akirithi kasoro kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, na wazazi wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa. Docus amelieleza hilo sebuleni mwa watu wengi, na si kila baba aliyefurahi.

"Mtoto akipita mtihani, baba anasema, ni damu yangu hiyo. Damu ikiuma, ni ya mama," anasema Docus. "Namwambia, mzee, na wewe ulileta yako. Hapo hata chai inakuwa baridi."

Ili aingie nyumbani kwa Hindu bila maswali, Docus hujifanya muuza sabuni. Lakini uongo nao una gharama zake. Hindu hulazimika kununua.

"Nina sabuni ya kuosha Mengo yote," anasema Hindu, akicheka. Kisha anaacha kucheka. "Yule mama alilala sakafuni kwangu usiku mtoto alipozidiwa. Kesho yake nikakutana naye sokoni, niko na wifi yangu. Nikampita. Yeye akainamia nyanya za watu. Nilifika nyumbani sikuweza kula."

Katika nyumba nyingine Docus ni shangazi kutoka kaskazini. Katika nyingine ni mtu wa chama cha akiba.

"Jioni nafika kwangu, hakuna mtu wa kuambia mimi ni nani," anasema. "Naweka chai. Nakunywa."

Mtaani kwake hawajui kazi yake, wanajua tabia yake tu. Bodaboda wa kituo cha jirani wamempa jina: Mama Haoni. Kanisani watu huachia nafasi kwenye benchi lake, na nafasi hiyo haikai mtu. Anayeogopa kumtambua mmoja mbele za watu huishia kuwakwepa wote, ndivyo anavyosema mwenyewe.

Kilichomuuma zaidi ni msiba.

Mtoto mmoja wa utafiti alifariki akiwa na miaka kumi na mitatu. Docus alikuwa amemfuata tangu hajaanza shule. Alikwenda matangani, akaketi nyuma, na watu wakaanza kusimama mmoja mmoja kusema walivyohusiana na marehemu. Mwalimu akasema. Jirani akasema. Zamu ikawa inasogea kwenye mstari wake.

"Mama mmoja akaniuliza, na wewe mama, nyabo, ni nani wake? Nikasema, mimi nimekuja kusaidia kupika. Nikaingia jikoni."

Wakampa beseni la vitunguu amenye.

"Nilimenya yote," anasema Docus. "Kitunguu ni kitu mzuri. Mtu akilia juu yake, hakuna anauliza."

Sasa utafiti umefika mwisho. Ufadhili umekwisha, majibu yanaandikwa, watoto waliobaki wanahamishiwa kliniki za kawaida. Kwa Docus hiyo ina maana kwamba milango ile, ambayo angalau aliingia kwa jina la uongo, hataingia tena hata kwa hilo. Ila kanuni inabaki.

Alikwenda kumuuliza msimamizi wake, Daktari Makokha, mwanakemia aliyekulia Busia.

"Daktari, kazi imeisha. Sasa naweza kusalimia watu yangu?"

"Hapana, Mama Docus. Utafiti unakwisha, siri yao haiishi."

"Hata nikizeeka?"

"Hata ukizeeka."

"Hata nikikufa?"

"Ukifa, mama, hutasalimia mtu."

"Huyo daktari," anasema Docus, "hajakaa na wafu ya kwetu."

Makokha anakumbuka mazungumzo hayo, na anasema hakulala vizuri siku ile. "Tulihesabu kila kitu, hata maji ya kuoshea chupa," anasema. "Mama Docus atabaki na nani? Hilo hatukuliwekea safu kwenye jedwali."

Docus alikaa na jibu hilo siku kadhaa. Kisha akamrudia.

"Daktari, na kama nasalimia kila mtu?"

"Kila mtu yupi?"

"Kila mtu anapita. Mimi nakaanga kabalagala ya ndizi, nauza kando ya barabara. Muuzaji anasalimia dunia nzima. Anayesimama ni mteja. Nani atauliza mteja, huyu mama mmejuana wapi?"

Makokha anasema alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Utasalimia kila mmoja? Bila kuchagua? Na humwiti mtu jina, humuulizi habari za damu?"

"Hata mbuzi akipita, namsalimia."

"Basi hujamfichua mtu," daktari akamwambia. "Nenda kauze, mama."

Ilibaki kupata mahali, na mahali pa kusimama Docus alipajua kuliko pengine pote mjini. Alikwenda kwa Rafiq.

"Miaka yote unauliza bei ya kufuli, hununui," Rafiq akasema. "Leo unataka baraza yangu? Unajua Rahmah, mke wangu, alidhani unakuja kunitazama mimi?"

"Mwambie Rahmah alale salama. Nilitazama kufuli tu. Wewe sikukuona."

Rafiq alicheka mpaka chai ikamwagika. Baraza akampa kwa masharti mawili: mafuta yasirukie bidhaa, na kabalagala ya kwanza ya kila siku iwe yake.

Jumamosi iliyofuata, saa mbili asubuhi, Docus yuko barazani. Karai liko motoni. Ndizi tamu zimepondwa na unga wa muhogo, na vidonge vya rangi ya dhahabu vinaelea juu ya mafuta. Ametazama barabara, makufuli yako nyuma yake.

"Oli otya, ssebo! Kop ango, mama! Salaam aleikum! Jambo, afande!" anamwaga salamu kwa kila lugha aliyonayo.

Kwa saa nzima ya kwanza wengi wanapita bila kuitika. Mwanamke mmoja anauvuta mkoba wake karibu na kifua. Bodaboda mmoja kutoka Luzira, aliyeleta abiria, anafunga breki.

"Jamani! Mama Haoni leo ameona!"

"Nimeona hata hiyo tairi yako imeisha," Docus anamjibu. "Kuja kula kabla haijakuua."

Anakula tatu. Wengine wanafuata. Docus anauza, anarudisha chenji, anasalimia. Sauti inaanza kukwaruza. Kila anapomaliza kumhudumia mtu, macho yake yanarudi barabarani.

Karibu saa tano anasimama msichana, huenda ni mmoja wa wale wawili waliokuwa wakicheka, huenda siye. Anavuta pumzi.

"Jambo, mama. Hizi ni za leo?"

"Za leo, mtoto wangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri."

"Nyumbani wameamka? Shule inaendaje?"

Msichana anajibu kuhusu nyumbani. Anajibu kuhusu shule, kwamba hisabati inamtesa ila Kiingereza anawashinda. Anasimulia habari ya mwalimu aliyeanguka kwenye ngazi. Ni maelezo marefu sana kwa mtu anayenunua kabalagala mbili. Moja anaila palepale, amesimama karibu na moto, hana haraka. Watu wanapita, hakuna anayegeuka.

Akishaondoka, Docus anaendelea kutazama barabara tupu. Anaulizwa kama yule ni mmoja wao.

"Ni mteja," anasema, akijipangusa macho kwa pembe ya leso.

Kisha anageuza vilivyomo karaini na kueleza mpango wake. Biashara ikisimama ataongeza karai la pili, la sambusa.

"Sambusa ni mzuri," anasema. "Inataka vitunguu mingi."