Kisigino Kisichokauka

Fundi Brashi, jirani yangu wa ukuta mmoja, huchora mabango ya saluni, bucha na maduka ya vipuri. Mkewe alipoondoka alilia wiki nzima, kisha akautangazia mtaa kwamba yeye si mtu wa kung'ang'ania. Akanunua turubai kubwa, akamchora mkewe kwa nyuma, anatoka mlangoni na sanduku mkononi. Chini akaandika kwa herufi nyekundu: NIMEKUACHA UENDE.

Kazi ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Mimi fundi cherehani, nisiyelia ovyo, ilinitoa machozi. Mwalimu wa sanaa akaiomba kwa maonyesho ya ukumbi wa maktaba, maonyesho ambayo Brashi ameyaota tangu ujana wake.

"Rangi haijakauka, Mwalimu. Rudi wiki ijayo."

Wiki ikazaa wiki. Rangi ya mafuta ni kaidi, najua, lakini miezi minane? Siri niliijua mimi. Kila asubuhi, hata chai hajanywa, Brashi alichovya brashi akakigusa kisigino cha mkewe, leo kivuli, kesho mwanga. Halafu alikaa kumtazama huyo aliyemwacha aende, ambaye hata kizingiti hajavuka.

Mwalimu akachoka. "Ijumaa naichukua, la sivyo nafasi yako nampa mwingine."

Alhamisi akaja mke mwenyewe. Amefungua saluni, anataka bango, na mchoraji mzuri mtaani ni huyo huyo. Nilisimamisha cherehani, nikachungulia dirishani kwake ili nione na kusikia vizuri. Umbea nao unataka utulivu. Alisoma yale maandishi mekundu, akatabasamu, akagusa kisigino. Kidole kikarudi na rangi.

"Hii uliianza lini?"

"Mwaka jana."

"Na mimi bado niko mlangoni?"

Brashi akainamia viatu vyake. Yule mama akajifuta kidole kwa kitambaa cha kazi, akijua kilipo bila kuuliza. Hakuwa na hasira. Alimwonea huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Miguu inaniuma, mwenzangu," akasema. "Niache nifike."

Ijumaa Mwalimu alipokuja, kisigino kilikuwa bado kibichi. Brashi aliishika picha kwa kingo, akaibeba mwenyewe mpaka nje.

"Rangi je?" Mwalimu akauliza.

"Itakaukia huko huko."